Mafuta ya Gia: Tusinunue Jina, Tununue Yaliyomo

Liko neno moja ambalo siku hizi limeenea katika maduka ya spea tangu Kariakoo hadi Tunduma, nalo ni neno "sintetiki". Neno hilo hupigwa chapa kwa herufi kubwa juu ya makopo na madumu ya mafuta ya gia, na kwa ajili yake bei huweza kupanda mara mbili au mara tatu. Mwenye gari akifika dukani huulizwa: "Wataka ya kawaida au ya sintetiki?" Naye, kwa kuwa hakuna aliyemweleza tofauti, hujibu kwa kuupapasa mfuko wake badala ya kulifikiria gari lake. Sisi twaona kwamba swali hilo huulizwa vibaya, na kwa kuwa huulizwa vibaya, jibu lake huwatia wananchi hasarani, na wakati mwingine huwatia hatarini.

Huenda wako watakaosema kwamba mafuta ya gia ni jambo la mafundi, wala si la ukurasa huu. Sisi hatukubali. Nchi yetu ni pana, na sehemu kubwa ya mizigo yake na ya watu wake huchukuliwa kwa magari. Mahindi ya Songea na Sumbawanga, viazi vya Njombe, saruji, mbolea, dawa za hospitali, pamoja na shaba ya majirani zetu wa Zambia na wa Kongo inayoteremshwa kwenda bandari ya Dar es Salaam, vyote hivyo huendeshwa na meno ya gia yaliyofichika ndani ya masanduku ya chuma, yakiogeshwa katika lita chache za mafuta. Mafuta hayo yakiwa mabaya, au yakiwa mazuri lakini si ya mahali pake, meno hulika, beringi huvunjika, na gari husimama. Tena vipuri vya kulitengeneza aghalabu hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Jambo linalogusa riziki ya wananchi na hazina ya taifa ni jambo la kila mtu.

Barabara ya kwenda Zambia ni mwalimu mzuri wa somo hili. Tarehe 11 Novemba, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wa bandia katika Rhodesia, njia ya kusini iliyokuwa ikiipelekea Zambia mafuta ilifungwa, na malori yakalazimika kuyabeba mafuta hayo kutoka Dar es Salaam katika barabara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa haijatiwa lami. Matope na vumbi la safari ile, pamoja na vifo vilivyotokea njiani, viliifanya ipewe jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, lami ilipotandikwa, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, taabu ilipungua. Walakini mlima Kitonga haukuondoka mahali pake, wala mlima Sekenke haukuondoka katika njia ya Singida kwenda Igunga. Lori lenye shehena kamili bado hupanda milima hiyo kwa gia nzito, pole pole, chini ya jua, na wakati wote huo mafuta yaliyo ndani ya giaboksi na difu yanazidi kupata moto.

Basi na tuulize kwanza: kazi ya mafuta hayo ni nini? Ni kazi tatu. Ya kwanza ni kuweka utando mwembamba kati ya jino na jino ili chuma kisigusane na chuma. Ya pili ni kuuchukua moto unaozaliwa na msuguano na kuupeleka kwenye kuta za sanduku upate kutoka nje. Ya tatu ni kuzuia kutu na kuuchukua unga wa chuma usiendelee kusaga meno. Katika difu kazi hii ni ngumu zaidi. Tangu mwaka 1926, kampuni ya Packard ya Marekani ilipotoa magari ambayo gia ndogo ya difu imeshushwa chini ya kitovu cha gurudumu kubwa la meno ili mwili wa gari ukae chini zaidi, meno ya difu hayabingirikiani tu bali pia hutelezeana kwa urefu wake chini ya uzito mkubwa. Mafuta matupu hayawezi kuvumilia kazi hiyo. Utando wake hukatika, na meno huchubuana.

Ndiyo sababu mafuta ya gia hayakuwa kamwe kitu kimoja tu kinachochotwa ardhini na kutiwa koponi. Zamani watu walitia mafuta ya wanyama, na kwa miaka mingi viwanda vya Marekani vilitumia mafuta ya nyangumi katika vilainishi vya giaboksi, maana yalishika chuma vizuri mno. Nyangumi wale walipokaribia kwisha baharini, Serikali ya Marekani iliwaweka mwaka 1970 katika orodha ya wanyama wanaolindwa, na wataalamu wakalazimika kutafuta dawa nyingine za kushika nafasi ile. Wahenga wetu walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Na mafuta ya gia nayo yameundwa.

Ndani ya kopo mna sehemu mbili. Sehemu kubwa ni mafuta ya msingi, na sehemu ndogo ni dawa zinazochanganywa humo. Taasisi ya Petroli ya Marekani imeyagawa mafuta ya msingi katika makundi 5. Makundi ya I, II na III hutokana na mafuta ghafi ya ardhini. La I husafishwa kwa njia za zamani, la II husafishwa zaidi kwa haidrojeni, na la III hushughulikiwa kwa haidrojeni kwa nguvu zaidi hata maumbile yake yenyewe yakageuzwa. Kundi la IV ni mafuta yaitwayo polialfaolefini, ambayo hayasafishwi bali hujengwa. Wataalamu huchukua gesi ya ethilini, huunganisha chembe zake mpaka wapate kitu kiitwacho desini chenye kaboni 10, kisha huziunganisha desini hizo tatu tatu au nne nne, na zaidi kwa mafuta mazito. Kundi la V ni mengineyo yote yasiyoingia katika hayo manne, na miongoni mwake mna esta, ambazo hutengenezwa kwa kuunganisha asidi na alkoholi. Mafuta ya kundi la IV na esta za kundi la V ndiyo ambayo hapo awali yaliitwa mafuta ya sanisi, maana yake mafuta yaliyoundwa na mkono wa mwanadamu.

Faida ya kujenga badala ya kuchuja ni hii. Mafuta ya ardhini ni mkusanyiko wa chembe za kila namna, kubwa na ndogo, zilizonyooka na zilizopinda, na ndani yake mna nta inayoganda kwa baridi na chembe dhaifu zinazoungua kwa joto. Mafuta yaliyojengwa chembe zake zafanana, wala hayana nta. Kwa hiyo hayawi mazito sana asubuhi ya baridi, wala hayawi mepesi kupita kiasi mchana wa joto, tena hukawia kuoza. Lakini nayo yana kasoro zake. Polialfaolefini haiyeyushi dawa vizuri, na huweza kuzifanya sili za mpira zinywee. Ndiyo maana watengenezaji huongeza sehemu ya esta, ambayo huyeyusha dawa na kuzivimbisha sili kidogo. Mwenye kusema kwamba sanisi ni kitu kimoja, kizuri kwa kila hali, hajui asemalo.

Sasa tulitazame lile jina lililopigwa chapa juu ya kopo. Mwaka 1999, huko Marekani, kampuni ya Mobil iliishtaki kampuni ya Castrol mbele ya baraza la wafanyabiashara linaloamua magomvi ya matangazo, ikisema kwamba Castrol ilikuwa imeacha kutumia mafuta ya kundi la IV katika bidhaa yake moja na kutia ya kundi la III, huku ikiendelea kuiita sintetiki. Baraza lilisikiliza hoja za pande zote mbili, likaamua kwamba Castrol ilikuwa na haki ya kulitumia jina hilo, kwa kuwa mafuta ya kundi la III yamegeuzwa kiasi cha kutosha. Tangu siku hiyo, katika sehemu kubwa ya dunia, neno sintetiki juu ya kopo halimwambii mnunuzi kama ndani mna mafuta yaliyojengwa au mna mafuta ya ardhini yaliyosafishwa sana. Wajerumani wao wameshikilia kwamba neno "sanisi kamili" liwekwe tu juu ya makundi ya IV na V.

Hatusemi kwamba mafuta ya kundi la III ni mabaya. La hasha. Mengi katika hayo ni mazuri na yanastahili bei ya wastani. Twasema kwamba mwananchi anayelipa bei ya kitu kimoja anayo haki ya kujua kama amepewa kitu hicho au kingine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kopo linalopiga kelele kwa neno moja tu, bila kueleza chochote kingine, ni kopo linalojitembeza.

Lakini liko jambo kubwa zaidi kuliko mafuta ya msingi, nalo ni zile dawa zilizochanganywa. Dawa iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya salfa na fosforasi. Meno yanapobanana mpaka utando wa mafuta unakatika, joto la mahali pale huifanya dawa hiyo iungane na chuma na kuacha ngozi nyembamba inayoteleza, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia chuma kuchubuana na chuma. Harufu kali ya mafuta ya gia, ambayo kila mtu aliyeingia gereji anaijua, yatokana na salfa hiyo. Kiasi cha dawa hiyo ndicho kinachotofautisha alama mbili zinazoonekana juu ya makopo, yaani GL-4 na GL-5. Ya pili huwa na dawa kadiri ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Hapa ndipo penye mtego. Watu wengi hudhani kwamba 5 ni kubwa kuliko 4, na kwa hiyo GL-5 ni bora kuliko GL-4, kama vile darasa la tano lilivyo juu ya darasa la nne. Si hivyo hata kidogo. GL-5 imeundwa kwa ajili ya difu zenye meno yanayotelezeana. GL-4 imeundwa kwa kazi iliyo nyepesi kidogo, nayo hutakiwa katika giaboksi nyingi za mkono, ambazo ndani yake mna pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia ili gia iingie bila kulia. Salfa ikizidi na ikiwa kali huila shaba, hasa mafuta yakiwa ya moto. Tena ule utelezi mwingi huzinyima pete hizo nafasi ya kushika, na pete isiyoshika haisawazishi kitu.

Na tufikirie maana yake. Dereva wa basi anashuka Kitonga na abiria wake. Breki hazikuwekwa ziwe peke yake katika mteremko kama ule, na sharti injini isaidie kwa gia nzito. Dereva anataka kurudisha gia, nayo inagoma kuingia kwa sababu pete zimekwisha kulika. Gia ikibaki katika hali ya kutoshika, injini haishiki tena gari, na breki hubaki zikichemka zenyewe mpaka zipoteze nguvu. Haya yote yaweza kuanzia katika kopo la mafuta yaliyo ghali, mafuta ya sintetiki ya kweli, yaliyotiwa mahali pasipo pake na fundi mwenye nia njema. Kwa hiyo twarudia: mafuta mabaya huharibu, na mafuta mazuri ya mahali pengine nayo huharibu. Yako siku hizi mafuta yaliyotengenezwa kwa ustadi ili yatimize masharti ya GL-4 na GL-5 pamoja bila kuidhuru shaba, lakini hayo huandikwa wazi hivyo juu ya kopo. Ziko pia giaboksi ambazo hazitaki kabisa mafuta ya namna hii, bali hutaka mafuta ya injini, au yale mepesi ya giaboksi za otomatiki. Mwamuzi wa yote hayo ni kitabu cha gari, si muuza duka, wala si jirani aliyewahi kuwa na gari linalofanana na lako.

Ziko hoja mbili ambazo twazisikia mara kwa mara, nazo yatupasa kuzijibu kwa haki.

Hoja ya kwanza yasema: "Mafuta ya sintetiki ni ya nchi za theluji. Sisi hatuna theluji, basi ya nini kutupa fedha?" Hoja hii ina ukweli nusu. Chukua alama ya 75W-90. Ile 75W yahusu baridi, na kipimo chake hufanywa katika nyuzi 40 za Sentigredi chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haipo Makete wala Kitulo, ingawa huko umande huganda asubuhi za mwezi wa Juni na Julai. Kwa hiyo anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya namba hiyo peke yake analipia baridi asiyokuwa nayo. Lakini ile 90 yahusu mnato wa mafuta katika nyuzi 100, na hapo ndipo sisi tulipo. Mafuta ya 80W-90 nayo yana 90 ile ile, ila tofauti yao ni muda ambao mafuta hudumu katika hali hiyo. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kwamba kila joto linapozidi kwa nyuzi 10, mafuta huoza kwa kasi ya kadiri ya mara mbili. Mafuta yanayopanda milima kila wiki huoza upesi, na yaliyojengwa huvumilia zaidi. Basi faida ya sanisi kwetu haimo katika baridi, bali imo katika joto, mzigo na milima. Lori la masafa marefu laweza kuipata faida hiyo. Gari dogo linalokwenda sokoni na kurudi, katika mji wa tambarare, aghalabu haliipati.

Hoja ya pili yasema: "Magari yetu ni makuukuu, mafuta yoyote yanatosha." Hii ndiyo hoja iliyo mbaya zaidi. Gari kuukuu limekwisha kupoteza sehemu ya chuma chake, na kilichobaki ndicho kinachohitaji kulindwa. Ni kweli kwamba gari linalovuja kwenye sili lisitiwe mafuta ya ghali yapate kumwagika barabarani, bali sili zibadilishwe kwanza. Lakini kutotia mafuta ya ghali si sawa na kutia mafuta yoyote. Mafuta ya kawaida yenye alama inayotakiwa na kitabu, yakibadilishwa kwa wakati wake, hulitunza gari kuukuu vizuri.

Tuje kwenye hesabu, maana thamani ya kitu haijulikani kwa bei ya lita. Tuchukue mfano tu wa kujifunzia. Difu za lori moja zachukua lita 15. Mafuta ya kawaida tuseme ni shilingi 10,000 kwa lita, nayo hubadilishwa kila kilomita 40,000. Ya sanisi tuseme ni shilingi 25,000, nayo yaruhusiwa kwenda kilomita 120,000. Katika kilomita hizo 120,000, ya kawaida yatanunuliwa mara 3, jumla shilingi 450,000. Ya sanisi yatanunuliwa mara moja, shilingi 375,000, na juu ya hayo mwenye lori ameokoa siku mbili za kusimama gereji pamoja na ujira wa fundi. Hapo ya ghali yamekuwa rahisi. Lakini mwenye lori akiyatia mafuta ya sanisi kisha, kwa mazoea, akayabadilisha kila kilomita 40,000, atakuwa ametumia shilingi 1,125,000, na hakupata chochote zaidi. Na lori hilo likivuka mto uliofurika, maji yakaingia kwa lile tundu la kupumulia la difu, mafuta hubadilika rangi kama maziwa na sharti yamwagwe yote, yawe ya kawaida au ya sanisi. Maji hayaheshimu bei.

Huko Marekani mafuta ya sanisi yaliyothibitishwa huruhusiwa kukaa katika difu za malori ya masafa marefu hata maili 500,000, yaani takriban kilomita 800,000. Wafanyabiashara wetu hupenda kuitaja hesabu hiyo. Hawasemi kwamba imewekwa kwa barabara za lami tupu, mizigo iliyopimwa, na sili zinazokaguliwa. Anayelipeleka lori lake shambani kuchukua tumbaku au magogo hana haki ya kuitumia hesabu hiyo. Na wanaoahidi kwamba mafuta ya sanisi yatapunguza sana matumizi ya dizeli nao wawe na kiasi, maana faida hiyo ipo, lakini kwa kawaida huhesabiwa kwa asilimia chache tu.

Jambo jingine ni udanganyifu. Mnunuzi hana njia ya kuyajua mafuta ya gia kwa macho. Huchukua tone akalisugua kati ya kidole na kidole, akasema "haya mazito, haya ndiyo mazuri". Au hunusa akasema "haya yana harufu kali, yana nguvu". Uzito si ubora, wala harufu si kipimo. Hata namba huwapoteza watu, kwani mafuta ya gia ya 90 hayapishani sana kwa mnato na mafuta ya injini ya 40 au 50, ila yamepimwa kwa ngazi nyingine. Mtu mwovu akiokota dumu tupu lenye chapa yenye sifa akalijaza mafuta machafu yaliyochujwa, mnunuzi hatajua mpaka difu ianze kulia. Sheria ya Alama za Bidhaa imekuwapo tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kuisimamia. Basi isimamiwe na katika vichochoro vya maduka ya mafuta.

Baada ya kusema hayo, ni wajibu wetu kusema pia lifanyike nini.

Kwanza, twaliomba Shirika la Viwango Tanzania, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lishurutishe kila kopo la mafuta ya gia linalouzwa nchini lionyeshe kwa Kiswahili mambo matatu: kundi la mafuta ya msingi, alama ya kazi kama GL-4 au GL-5, na neno la wazi kama yafaa au hayafai kwa giaboksi yenye pete za shaba. Shirika likachukue mafuta yenyewe madukani na kuyapima. Kipimo cha shaba si kigumu. Kipande cha shaba kilichosuguliwa huchovywa katika mafuta ya nyuzi 121 kwa saa 3, kisha rangi yake hulinganishwa na kielelezo. Majibu yatangazwe hadharani kwa majina ya bidhaa, wananchi wayasome.

Pili, Serikali yenyewe ianze kutoa mfano. Halmashauri, hospitali na mashirika ya umma yanaponunua mafuta, yasiandike katika zabuni neno "sintetiki" likaishia hapo, kwani neno hilo laweza kutimizwa na kila mtu. Yaandike kipimo kinachotakiwa na gari na muda wa kubadilisha, na daftari la kila gari lionyeshe siku yalipotiwa na kilomita zilizokwenda. Gari la wagonjwa linalokufa difu kwa uzembe wa daftari ni fedheha kwetu sote.

Tatu, vyuo vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji viwafundishe vijana somo la vilainishi kama somo kamili, si kama nyongeza ya dakika chache. Tena itolewe karatasi moja ya Kiswahili chepesi, yenye orodha ya magari yaliyo mengi nchini na mafuta yanayotakiwa na kila moja katika giaboksi na katika difu, ibandikwe ukutani katika kila gereji. Fundi wa chini ya mwembe ana akili kama fundi wa kiwanda. Alichonyimwa ni kitabu katika lugha yake.

Nne, mafuta yaliyokwisha kutumika yasimwagwe mitaroni. Maji ya mtaro huenda mtoni, na ya mtoni hunywewa na watu na mifugo. Kila gereji iwe na pipa lake, na mabaraza ya miji yaweke utaratibu wa kuyakusanya.

Wako watakaouliza: kwa nini tusijenge kiwanda chetu cha mafuta ya sanisi, hali tunayo gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay? Ni swali la kizalendo, nasi twalipenda. Inawezekana kuigeuza gesi kuwa mafuta mazuri ya msingi, na huko Qatar mtambo wa Pearl umefanya hivyo tangu mwaka 2011, lakini uligharimu mabilioni mengi ya dola, na gesi yao ni nyingi kuliko yetu kwa mbali. Kujitegemea, kama tulivyofundishwa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, si kuanza na kilicho kikubwa kuliko vyote, bali ni kuanza na kile ambacho mikono yetu yakifikia leo. Leo mikono yetu yakifikia kipande cha shaba cha kupimia, karatasi ya ukutani, daftari la gari, na sheria tuliyo nayo tayari. Tukivitumia hivyo vizuri tutaokoa fedha nyingi za kigeni bila kukopa hata senti moja.

Kwa wenye magari, madereva na mafundi, neno letu ni fupi. Kesho mkiulizwa dukani, "Wataka ya kawaida au ya sintetiki?", msiupapase mfuko kwanza. Fungueni kitabu cha gari, someni alama, kisha muulize nanyi: ndani ya kopo hili mna nini, ni ya giaboksi au ya difu, na nani ameyapima? Muuzaji mwaminifu atafurahi kujibu. Asiyeweza kujibu, mwacheni na kopo lake.